Nimemnyima Mtani Wangu Picha ya Mama Yake

Mpendwa mshauri Mama Bertha, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua hii, maana hapa Visiga kila ninayemweleza jambo hili ananikatiza katikati, akiwemo mke wangu Consolata.

Mimi ni Alfonce, Mnyamwezi ingawa nimezaliwa na kukulia hapahapa Kibaha, ni Mkatoliki, na kazi yangu ni kompyuta. Nina steshenari pale Kongowe, hii Kongowe yetu ya Kibaha, siyo ile ya Dar, tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti na tunafundisha watu kompyuta, na nasema tunachapa, siyo nachapa, kwa sababu chumba ni cha watu wawili, mimi na Mwishehe, Mzaramo wa Kisarawe, ambaye nilianza naye tukiwa na mashine moja na printa iliyokuwa inameza karatasi. Kama unavyojua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa ni kusimangana tangu tunafungua mlango mpaka tunafunga, na kuna wateja walikuwa wanakuja kutoa kopi ya ukurasa mmoja wanakaa mpaka mchana wanatusikiliza.

Mambo yalianza kuharibika Mwishehe alipokwenda kwenye semina mjini akarudi na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Mama Bertha, yule mtu alirudi kama mtu aliyeokoka juzi. Alifuta Windows kwenye mashine zake zote akaanza kuhubiri, kwamba Windows yangu ni ya kuvunja kufuli, yaani ya wizi, kwamba flashi za wanafunzi zinaingia kwangu nzima zinatoka na virusi, kwamba ya kwake ni ya bure na ni ya halali, na mimi nikamjibu kwamba ni ya bure kwa sababu hakuna anayeitaka, mteja akichapiwa barua kwake akaenda kuifungua ofisini anakuta mistari imeruka na jedwali limeparaganyika, na mwanafunzi wake akiitwa kazini atakuta Windows mezani aitumbulie macho. Hapo bado tulikuwa tunacheka. Yeye ananiambia mbele ya wateja, "Mnyamwezi, babu zako walibebea watu mizigo mpaka pwani, na wewe umerithi, umebeba virusi vya wilaya nzima." Mimi namjibu, "Mzaramo akisikia neno bure anakwenda kuchukua sahani." Watu hawana mbavu.

Lakini mzaha ule ukaanza kuniuma, sitaki kukuficha, kwa sababu wanafunzi walianza kuhamia kwake, halafu siku moja nikakuta amebandika bango kubwa juu ya meza yake, HAPA HAKUNA VIRUSI. Chumba ni kimoja Mama, meza ni mbili, sasa anayesoma bango hilo atajua virusi viko wapi? Walikuja akina mama wa kikundi kimoja kutaka kujifunza, nikawakaribisha, mmoja akaniuliza bila kuona aibu ni meza ipi isiyo na ugonjwa. Kesho yake nikaleta fundi akaweka plaiwudi katikati ya chumba, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kukohoa.

Sasa nikueleze habari ya mama yake, Bi Mwamini, kwa sababu ndiye kiini cha barua hii. Mama yule alikuwa ananipenda kuliko nilivyostahili, akija Kongowe kumwona mwanawe anakuja na mihogo mafungu mawili, ya Mwishehe na ya kwangu, na ya kwangu anaitupa mezani anasema, "Chukua, mbeba mizigo." Alikuwa hataki kupigwa picha, akiona kamera anajifunika kanga usoni, na siku alipohitaji picha ndogo za kitambulisho cha matibabu ya wazee alikataa kupigwa na mwanawe akaja upande wangu. Akakaa kwenye kiti, kanga puani. Nikamwambia, "Mama, ondoa hiyo kanga, au unataka daktari atibu kanga?" Akaangua kicheko, na mimi nikabonyeza hapohapo. Picha ile haikufaa kwa kitambulisho, ilibidi nimpige nyingine akiwa amekaza uso, lakini ile ya kicheko niliihifadhi kwa sababu ilikuwa nzuri mno, mapengo yote yanaonekana.

Na sikatai kwamba baadaye mashine yangu ya picha ilikufa kwa virusi, ilikuwa haiwaki kabisa, na kwamba Mwishehe ndiye aliyevuka plaiwudi akachomeka flashi yake ya Linux, akaingia ndani ya mashine kwa njia ya pembeni na kuzitoa picha zangu zote akaziweka kwenye diski ya nje, lakini alifanya hivyo huku akinisema mbele ya wanafunzi wangu, mpaka alipofika kwenye picha ya mama yake ndipo akanyamaza. Akasema tu, "Muone huyu mama," akaendelea na kazi. Hilo nimekueleza ili usije ukasema nakuficha.

Bi Mwamini akafariki mwezi uliopita. Nilifunga upande wangu wa duka nikaenda Kisarawe kwa kuzunguka Mbezi na Pugu, na nilikwenda kama mtani, siyo kama mgeni, maana wewe Mama unajua kwamba mtani msibani ana haki yake, anaweza kuvaa nguo za marehemu, anaweza kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumgusa. Nikajitundika kibodi mbovu shingoni kwa kamba ya katani, na jeneza lilipokuwa linatolewa nikajilaza mlangoni, nikasema mama haondoki hapa mpaka Mwishehe akiri mbele ya watu kwamba Windows ndiyo mashine, nikasema mama wa watu kawekewa Linux na mwanawe, ndiyo maana kazima na hakuna fundi Kisarawe nzima anayejua kumwasha. Watu walicheka Mama Bertha, siongopi, wazee wa Kizaramo walicheka na mmoja akanirushia sarafu. Mwishehe hakucheka. Alikuja akachuchumaa pale nilipolala, akanivua ile kibodi taratibu, akasema kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia, "Alfonce, umekuja kumzika mama yangu au umekuja kushinda?"

Nilinyanyuka nikaondoka, makaburini sikufika na ubwabwa sikuusubiri. Mtani kunyang'anywa haki yake mbele ya jeneza ni jambo ambalo sijawahi kulisikia, na aibu ile niliibeba njia nzima mpaka Visiga.

Siku chache baadaye akaja Naila, mdogo wake Mwishehe wa kike. Hakwenda dukani, alikuja nyumbani kwangu. Akaniambia baba yao, mzee Ally, tangu mazishi hasemi sana, anaomba tu aone uso wa mkewe, na picha ya kwenye kitambulisho kila akionyeshwa anaisukuma, anasema huyu siye. Akasema, "Kaka Alfonce, nimesikia kwako kuna picha mama anacheka. Baba anataka kumwona." Mama Bertha, sijui nini kilinipanda. Nilimwambia, "Picha zote ziliondoka na virusi. Kamwambie kaka yako, si ndiye aliyebandika bango?" Binti wa watu aliomba maji, akanawa uso pale kwenye ndoo, akanishukuru, akaondoka. Consolata alikuwa jikoni akasikia yote, na tangu siku hiyo ananipakulia chakula anakiweka mezani bila kuniita, na amesema Kisarawe atakwenda hata kama mimi siendi.

Picha ipo. Nimeifungua leo asubuhi kuhakikisha, na nimeifunga haraka.

Sasa juzi Naila amenitumia ujumbe, akiniita kaka kama zamani, kwamba arobaini ni Jumamosi ijayo na kwamba kaka Mwishehe amesema nisikose. Mimi naona ni mtego, wanataka nifike kwenye hadhara waniumbue. Nikipeleka picha nitakuwa nimekiri kwamba nilidanganya, na zaidi ya hapo nitakuwa nimekiri kwamba picha yenyewe imepona kwa Linux yake, na bango lake litakuwa limeshinda mbele ya ukoo mzima. Nisipopeleka, kila nikiwasha mashine najua yumo humo ndani. Mama, nifanye nini? Na je, hapaswi yeye kuniomba radhi kwanza kwa kunivua kibodi mbele ya watu?

Ni mimi ninayeumia,
Alfonce, Visiga.

MAMA BERTHA ANAJIBU

Marahaba, Alfonce. Nimeisoma barua yako mpaka mwisho kama ulivyoomba, halafu nikarudi katikati, kwa sababu katikati ndiko ulikojishtaki mwenyewe bila kujua. Nitafika huko.

Kwanza nikupe kilicho chako. Bango lile lilikuwa la kukukata miguu, na aliyelibandika alijua hivyo. Kuulizwa na mteja ni meza ipi isiyo na ugonjwa, kwenye duka ulilolianzisha kwa jasho lako, kunauma, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungemwita mwenzako mkakaa chini, ukamwambia kaka, hili bango linanimaliza, litoe. Hukusema. Uliita fundi akakuwekea plaiwudi, ukabaki na hasira yako upande wako, ikachacha.

Na hasira hiyohiyo ndiyo uliyoivalisha kibodi ukaipeleka Kisarawe.

Usinifundishe utani, Alfonce. Mimi nimeona watani wakiingia kaburini na kugoma kutoka, nimeona mtani akimwigiza marehemu mwendo wake mpaka mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Mtani huenda msibani kumpunguzia mfiwa mzigo, ndiyo maana hashikwi wala hagombezwi. Wewe ulilala mbele ya jeneza la mama aliyekuletea mihogo ukadai mwanawe akiri kwamba mashine yako ni bora. Neno moja kuhusu mama mwenyewe hukusema, wala kicheko chake, wala "mbeba mizigo" yake, na ulikuwa na ya kusema kuliko mtu yeyote pale mlangoni. Mwishehe alikuuliza swali la haki, na mpaka leo hujalijibu, hata kwenye barua hii ndefu. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Waliocheka walicheka kwa mazoea, usijifariji nao.

Unataka akuombe radhi kwa kukuvua kibodi. Alikuvua taratibu, umeandika mwenyewe. Wapo ambao wangekuvua vinginevyo.

Sasa kuhusu Windows na Linux. Mimi makala haya nachapa kwenye kompyuta ambayo sijui ina ipi kati ya hizo, na sijawahi kuuliza. Lakini nimemuuliza fundi wetu hapa ofisini kama picha iliyopigwa kwenye moja hukataa kufunguka kwenye nyingine, akaniangalia kama niliyeuliza kama chumvi ya Kibaha inakolea Kisarawe. Picha inafunguka kote, na wewe hilo unalijua kuliko mimi. Mtakapokuwa wazee, hizo mashine mnazogombea zitakuwa zimekwishatupwa zote mbili, na watu watakuwa wanagombea kitu kingine. Aliyekufa hana toleo jipya.

Turudi katikati ya barua yako. Umesema mashine yako ilipokufa, Mwishehe ndiye aliyezitoa picha kwa mkono wake, na alipoiona ya mama yake alinyamaza. Alikuwa na nafasi ya kujinakilia siku ile hakujinakilia, na wala simshangai, nani huweka akiba ya picha ya mama ambaye yuko hai na kesho atakuja na mihogo? Lakini aliiona ikipona. Na unadhani ni nani aliyemwambia Naila kwamba kwako kuna picha mama anacheka? Kwao hakuna mtu mwingine aliyeiona. Hakuweza kuja mwenyewe, akamtuma mdogo wake nyumbani kwako, mbali na duka, mbali na plaiwudi, ili usipate taabu ya kushindwa mbele ya mtu.

Na Naila akarudi na jibu lako la virusi.

Kwa hiyo Mwishehe anajua, Alfonce. Anajua tangu siku ileile kwamba ulimdanganya dada yake aliyefiwa, na ulitumia bango lake kumpiga nalo. Angeweza kulitangaza jambo hilo Kisarawe nzima, na kwenye arobaini hii usingepata pa kukanyaga. Badala yake Naila bado anakuita kaka, na amekutumia ujumbe kwamba Mwishehe amesema usikose. Binti yule hajui. Kaka yake amemficha ili jina lako lisichafuke kwa baba yao. Unaogopa mtego, kumbe mtu amekusitiri kwa muda wote huu, na wewe unahesabu nani ameshinda.

Nimemaliza kukugombeza. Sikiliza la kufanya.

Usingoje Jumamosi. Ukienda na picha siku ya arobaini, watu wamejaa, utakuwa umefanya onyesho la pili, na moja lilitosha. Leo hii isafishe hiyo picha kwenye karatasi nzuri, kubwa, iwekee fremu na kioo. Faili lenyewe liweke kwenye flashi, umkabidhi Naila mkononi. Nenda Kisarawe na Consolata, na njiani mwombe radhi na yeye, maana umemfanya asikilize uongo akiwa jikoni kwake. Ukifika, msalimie mzee, halafu mwite Naila pembeni umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulimdanganya. Usiseme ulikosea folda, wala kwamba umebahatika kuipata. Sema nilikudanganya, picha ilikuwepo, nilikuwa na hasira na kaka yako. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, ondoka, lakini fremu ibaki.

Kwa Mwishehe usiende na maelezo. Mjibu lile swali alilokuuliza pale mlangoni, basi. Bango lake asipolitoa, usilidai sasa, na plaiwudi yako itoe wewe uliyeiweka. Neno la utani lisikutoke mpaka aanze yeye, na inawezekana asianze mwaka huu, na inawezekana asianze tena. Sitakudanganya kwamba atakusamehe. Kuna vitu vikishavunjika kati ya watu, wanabaki kupeana mkono tu, na hilo likitokea utalipokea bila kuniandikia barua nyingine ya malalamiko.

Jumamosi nenda mapema, ukae nyuma na wanaoosha vyombo. Na ukiitwa mbele ya mzee Ally, nenda. Atakuwa na ile picha mapajani, ya mama aliyekuwa hataki kupigwa picha, anacheka mapengo yote nje, anamwangalia mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Mzee atauliza mkewe alikuwa anamcheka nani. Uwe karibu umjibu.